Kubadili plastiki za ndani ya gari kutoka krimu kuwa nyeusi, nyumbani: rangi gani inashika?

mwenye_premio

Wakuu, salaam.

Nina Toyota Premio, ndani yote ni krimu. Makava ya milango yana michirizi ya viatu isiyotoka kwa sabuni, vishikio vimeshika weusi wa jasho, na konsoli ya kati imekwaruzwa kila upande. Nataka plastiki ziwe nyeusi isiyong'aa: makava manne ya milango, konsoli, fremu ya redio na plastiki za chini ya dashibodi. Viti vitavikwa ngozi nyeusi baadaye, hivyo hapa naulizia plastiki tu.

Mtaani nimepewa ushauri wa aina tatu: nipulize rangi ya kopo ya kawaida, nichemshe vipande kwenye rangi ya nguo, au nipake dawa ya viatu nyeusi kila mwezi. Nimefungua kava moja la mlango, nyuma limeandikwa >PP<. Fremu ya redio imeandikwa >ABS<. Je, hayo maandishi yana maana yoyote kwenye kazi hii? Na kopo ngapi zitatosha?

msasa800

Mkuu, hayo maandishi ndiyo yanayoamua kazi nzima. Hiyo PP ni polipropilini, ndugu wa plastiki ya ndoo na viti vya bustani. Uso wake haupendi kushikwa na kitu chochote, si gundi, si rangi. Ukiipuliza rangi ya kopo ya kawaida itapendeza wiki mbili, halafu utaanza kuibandua kwa ukucha kama ganda la yai la kuchemsha. ABS, plastiki nyingine ngumu, ni rahisi zaidi, viyeyusho vya rangi vinauma uso wake kidogo na rangi inashika. Kwa hiyo geuza kila kipande usome nyuma kabla ya kununua chochote. Utakuta pia >PP-TD20<, hiyo ni PP iliyochanganywa na unga wa talki asilimia 20; itendee kama PP. Kuna wanaopima kwa kutumbukiza kwenye maji wakisema PP huelea. PP tupu huelea kweli, lakini hiyo yenye talki huzama, kwa hiyo usitegemee ndoo ya maji pale penye maandishi.

Unachotafuta dukani ni kile kinachouzwa kwa jina la "vinyl dye": SEM Color Coat, VHT, Dupli-Color na wenzao. Jina linasema kitu cha kuchovya, lakini ukweli ni rangi nyembamba sana inayonyumbuka pamoja na plastiki. Inakaa juu, haizami ndani. Ubora wake ni kwamba haizibi yale mabonde madogo ya ngozi bandia yaliyochorwa kwenye plastiki. Kava likikauka linaonekana limetoka kiwandani jeusi. Rangi ya kawaida hujaa kwenye mabonde hayo na kava linakuwa kama limemwagiwa lami.

Kazi yenyewe ni kusafisha. Kupuliza ni dakika chache tu. Adui namba moja ni silikoni ya zile dawa za kung'arisha dashibodi. Gari lililokwisha pakwa kwa miaka lina silikoni hadi kwenye kona ambazo hukuzifikiria, na rangi ikikutana nayo inakimbia pembeni na kuacha vishimo vidogo vya duara. Hivyo:

Toa kipande nje ya gari. Kisugue kwa maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo na pedi ya kusugulia ya Scotch-Brite ya kijivu (ile nyekundu ni kali, inaacha mikwaruzo kwenye uso wenye nakshi). Zunguka, usiende upande mmoja tu. Suuza. Rudia. Kisha mwagia maji safi na utazame: yakitandaa kama shuka moja, kipande ni safi. Yakijikusanya matone na kukimbia kama kwenye jani la magimbi, bado kuna mafuta, rudi kwenye sabuni. Kipimo hiki hakigharimu senti na hakidanganyi.

Kikauke kabisa, maji hujificha kwenye matundu ya klipu. Halafu futa kwa isopropili alkoholi na kitambaa cheupe kisichotoa nyuzi, upande mmoja wa kitambaa mara moja tu, kisha geuza. Usitumie thina kwenye ABS: inayeyusha uso, na nyufa ndogo kama utando zinatokea baada ya siku kadhaa. Spiriti ya dawa pia iache, baadhi yake huongezwa mafuta ya mnyonyo.

Kwa PP, sasa inakuja praima ya plastiki (ya kushikisha rangi), ile nyepesi inayotoka kama maji, iliyoandikwa kwamba ni ya polipropilini au TPO, plastiki ya jamii yake. Praima ya bodi ya gari siyo, ile ni nzito na itajaza nakshi. Puliza mkono mmoja mwepesi (yaani tabaka moja), uso uonekane umelowa kidogo tu. Soma kopo linasema usubiri dakika ngapi. Mara nyingi rangi inatakiwa ifuate ndani ya dakika 5 hadi 15 kabla haijakauka sana. Ukiacha mpaka kesho, umepoteza praima.

Rangi: kopo umbali wa sentimita 20 hadi 25, mkono wa kwanza uwe vumbi tu, krimu ionekane chini yake. Usishawishike kuifunika hapo hapo. Dakika 10, mkono wa pili, dakika 10, wa tatu. Mikono mitatu au minne myembamba. Anza kubonyeza kopo nje ya kipande na uachie nje ya kipande, vinginevyo kila mwanzo unaacha bonge.

Kwa orodha yako, kadiria kopo moja la mililita 400 kwa makava mawili ya mlango, na moja kwa konsoli na vipande vidogo. Nunua manne ya namba moja ya rangi, siku moja, duka moja. Nyeusi ya kopo lingine yaweza kuwa na mng'ao tofauti. Praima kopo mbili.

Dawa ya viatu itaishia kwenye suruali yako.

Bi_Rangi

Msasa800 kamaliza karibu yote. Mimi naongeza kwenye swali la kuchemsha, maana watu hulikataa kwa jumla na siyo sawa.

Rangi za kuchovyea pamba, zile za pakiti za sokoni, haziingii kwenye plastiki yoyote ya gari. Zimeundwa kushikana na nyuzi za pamba. Utachemsha jioni nzima na kipande kitatoka kilivyoingia. Zipo rangi za nyuzi za viwandani, kama Rit DyeMore, ambazo chembe zake huzama kwenye nailoni vizuri sana, kwenye ABS kiasi, na kwenye PP karibu na bure. Kwa hiyo makava yako ya mlango yafute kwenye mpango wa sufuria.

Inapofaa ni vipande vidogo vya ABS au nailoni vinavyoguswaguswa: vitufe, vishikio vidogo, vifuniko vya skrubu. Faida yake ni kwamba ukikikwaruza krimu haichungulii haraka, kwa kuwa rangi imezama kidogo ndani. Kipande kilichopulizwa kwa kopo, ufunguo mmoja tu ukiteleza unachora mstari wa krimu.

Chupa moja ya DyeMore (mililita 207) kwenye maji kama lita 8, tone la sabuni ya vyombo, sufuria ya chuma cha pua ambayo haitarudi jikoni. Joto liwe nyuzi 80, na kipimajoto kiwepo, usikisie kwa macho. ABS ikipita 85 kipande chembamba huanza kupinda, na kilichopinda hakirudi kwenye klipu zake. Maji yakichemka umepoteza kipande. Kigeuze muda wote kwa dakika 20 hadi 30, kisichogusa chini ya sufuria, kitoe, kiache kipoe chenyewe. Ukikitumbukiza kwenye maji baridi kinaweza kujikunja.

Halafu ujue hakuna nyeusi kwenye DyeMore. Iliyo giza zaidi ni ile iitwayo Graphite, na juu ya krimu inatoka kijivu kizito. Kando ya kava lililopulizwa nyeusi utaiona tofauti. Mimi fremu ya redio ningeipuliza tu, iko mbele ya macho.

bisibisi_bapa

Kabla hujagusa kava lolote lenye maandishi SRS AIRBAG (eabegi, mfuko wa hewa wa usalama): zima gari, toa terminali ya hasi ya betri, subiri. Toyota wanasema angalau sekunde 90. Soketi za njano usizipime kwa taa wala mita. Kifuniko cha eabegi cha abiria na cha usukani usikipulize kabisa. Kina mstari uliodhoofishwa makusudi ili kipasuke mahali hapo, na rangi nene juu yake haina kazi isipokuwa kubadili namna kinavyopasuka au kurusha vipande usoni. Nguzo za pembeni ya kioo nazo, kama zina maandishi hayo, ziache krimu. Mikanda ya usalama usiipake wala kuichovya, viyeyusho hudhoofisha nyuzi.

Kutoa kava la mlango: skrubu moja iko nyuma ya kifuniko kidogo kwenye kitasa cha ndani, nyingine ndani ya kishikio cha kuvutia. Bandua kifuniko kwa kipande cha plastiki bapa, si bisibisi ya chuma, alama zake hazifutiki. Baada ya hapo anzia chini, vuta kwa ghafla karibu na kila klipu, siyo katikati ya kava. Klipu zikiisha, nyanyua kava juu litoke kwenye mfereji wa kioo, kisha chomoa soketi ya swichi za vioo. Nunua klipu kumi za akiba mapema. Zilizokaa juani miaka mingi huvunjika hata ukizibembeleza.

Swichi, kitambaa cha katikati na mbao bandia vitoe. Visipotoka, tepu ya karatasi, ukiisukumiza ukingoni kwa kadi ngumu. Kitambaa kikipata rangi kinakuwa kigumu kama turubai. Pale palipofunikwa vinaili laini (sehemu ya kuegemeza mkono), rangi hiyohiyo inashika bila praima ya plastiki.

mwenye_premio

Nashukuru sana. Swali dogo: juu ya dashibodi nako nipulize? Na vishikio vya mlango vinanatanata kidoleni hata baada ya kuosha, ni uchafu au nini?

msasa800

Vishikio hivyo si vichafu. Vilipakwa kiwandani utando laini kama mpira, na utando huo umeoza kwa joto na mafuta ya mikono. Ukipulizia juu yake, rangi itaoza nao. Uloweshe kwa isopropili, ngoja dakika chache, ukwangue kwa kadi ya plastiki mpaka ufike kwenye plastiki ngumu. Ni kazi chafu, unatoka kama lami laini. Kisha sabuni kama vingine.

Juu ya dashibodi pawe isiyong'aa kabisa au pasipulizwe. Krimu hujirudia kwenye kioo cha mbele mchana, nyeusi kavu inapunguza hilo sana, lakini nyeusi inayong'aa ni kioo cha pili mbele yako. Na ujue nyeusi itapata joto zaidi juani kuliko krimu. Ukinunua kopo, tafuta neno "flat", yaani isiyong'aa kabisa; "satin" hung'aa kidogo. Kuchanganya aina mbili kwenye gari moja kutaonekana.

Halafu barakoa ya vumbi haizuii mvuke. Barakoa yenye vichujio vya mkaa, na kazi ifanyike uwanjani penye hewa, mbali na jiko.

mwenye_premio

Nimejaribu kipande kimoja, kava la sanduku la konsoli, leo saa mbili asubuhi baada ya mvua kukatika. Mambo mawili: sehemu kubwa imetoka na weupe kama ukungu juu ya nyeusi. Pili, baada ya saa sita nimebandika selotepu na kuivuta. Katikati imeshika, lakini kwenye ukingo ambapo vidole hushika kufungua, imetoka na tepu.

Bi_Rangi

Weupe huo ni unyevunyevu. Viyeyusho vikiruka vinapoza uso, hewa nzito ya baada ya mvua inaacha maji juu ya rangi mbichi. Usikifute. Subiri siku kavu, kuanzia saa nne jua likishapanda, kipande kikiwa kivulini, kisha piga mkono mmoja mwembamba wa rangi hiyohiyo; mara nyingi unayeyusha weupe na nyeusi inarudi. Kopo lenyewe lilaze kwenye maji ya uvuguvugu, si ya moto, dakika 10 kabla ya kupuliza. Matone yanakuwa madogo zaidi.

msasa800

Na huo ukingo ni mafuta ya vidole ya miaka yote, sabuni moja haikutosha hapo. Usiweke rangi juu ya sehemu iliyobanduka, utapata ngazi inayoonekana. Ikwangue ukingo wote mpaka mahali ambapo tepu haitoi kitu tena, lainisha mpaka wake kwa msasa namba 800 wa maji, osha mara mbili, mwagia maji uone, alkoholi, praima, rangi. Pima tena kwa tepu baada ya saa 24, siyo sita, rangi bado ilikuwa laini. Na pimia upande wa ndani wa kifuniko, sehemu isiyoonekana.

Makava ya milango yote yaanzie hapo: vishikio na kingo zisuguliwe mara tatu, katikati mara mbili inatosha. Ukishayarudisha kwenye gari, siku saba usipitishe dawa yoyote, kitambaa cha maji tu. Vioo viache wazi kidogo usiku, harufu itaisha yenyewe.