Ubishi wa wanaoamini na wasioamini: kwa nini kila mtu anakimbilia historia?

Fundi_Mwanga (Kigoma):

Wakuu salaam. Naomba hoja, matusi yasubiri.

Hapa Mwanga pembeni ya ninapotengenezea simu kuna kijiwe cha kahawa. Mwaka huu amerudi kijana mmoja kutoka chuo, anasema waziwazi kwamba haamini kama Mungu yupo. Hanywi, hagombani na mtu, deni la kahawa analipa siku hiyohiyo, na hapo ndipo wazee wanapochoka naye, maana hawapati pa kumshikia.

Kila jioni ni ubishi. Ninachokishangaa ni kwamba Mungu mwenyewe hazungumzwi. Wakianza tu wameshafika Yerusalemu mwaka 1099, wapiganaji wa msalaba wanachinja watu. Kijana anatoka hapo anaingia kwa Galileo, yule mwanasayansi wa nyota aliyehukumiwa na Kanisa, kisha anashuka Ujiji: watumwa walipita barabara hii kwenda Tabora mpaka Bagamoyo, na waliowaswaga walikuwa wanaswali. Mzee mmoja Mkatoliki, mstaafu wa reli, anamjibu kwa Stalin wa Urusi na Pol Pot wa Kambodia, watawala wasioamini Mungu walioua watu wengi, halafu anamalizia na wamisionari waliokomboa watumwa. Wazee wa Ujiji wakisikia hilo la mwisho nao wanawaka, kwa sababu wanajua kinachofuata ni kuambiwa utumwa ulikuwa wa Waarabu peke yao.

Juzi kijana akasema Biblia ilipigiwa kura kwenye Mtaguso wa Nikea, ule mkutano mkuu wa maaskofu, Kaisari Konstantino wa Roma akachagua vitabu alivyovitaka. Kimya. Mzee wa reli akabeba redio yake akaondoka.

Ninachouliza: hizi habari za zamani zinathibitisha nini hasa? Hata kama wakristo au waislamu wa kale walikuwa wabaya kupindukia, hilo linamfanya Mungu asiwepo? Na hilo la Nikea ni kweli?

Dagaa_wa_Jana:

Umekaa kijiwe cha kahawa halafu unatafuta jibu. Haya, mimi nachukua siti ya dirishani.

Mama_Isevya (Tabora):

Fundi, nafundisha historia kidato cha tano na sita hapa Tabora, na Jumapili utanikuta Moraviani. Nasema mapema ili mtu asije kunivumbua baadaye.

Nikea kwanza, kwa sababu ni jepesi. Mtaguso ulikuwepo, mwaka 325, na ni kweli Konstantino ndiye aliyewaita maaskofu. Ugomvi ulikuwa juu ya mafundisho ya padri mmoja, Ario: je, Mwana ni sawa na Baba, au ameumbwa? Wakazungumza pia tarehe ya Pasaka. Kanuni 20 za mtaguso ule zipo mpaka leo, ukizisoma zote utakuta mambo ya maaskofu, mapadri na watu walioikana imani wakati wa mateso. Orodha ya vitabu vya Biblia haimo. Orodha ya zamani kabisa tuliyonayo yenye vitabu 27 vilevile vya Agano Jipya iko kwenye barua ya Askofu Athanasi wa Aleksandria ya mwaka 367, miaka mingi baada ya Konstantino kufa. Kijana wako amekosea. Lakini mzee wa reli asipige vigelegele, maana ukweli wenyewe haumbebi sana: Waebrania na Ufunuo vilibishaniwa muda mrefu, baadhi ya makanisa yakivikubali na mengine yakivitilia shaka. Kitabu hakikushuka kimeshajalidiwa.

Galileo naye wanafunzi wangu kila mwaka wananiandikia kwamba alichomwa moto. Hakuchomwa. Alihukumiwa 1633, akaishi kizuizini nyumbani kwake mpaka akafa 1642. Aliyechomwa ni Giordano Bruno, mwaka 1600, na mashtaka yake mengi yalikuwa ya imani, siyo ya nyota. Ni aibu kwa Kanisa kote kuwili, ila mtu anayejisifu kwamba yeye anafuata ushahidi aanze na huo ushahidi.

Sasa la watumwa, na hapa nakaa kidogo kwa sababu ni kwetu. Julai 1871 Livingstone aliona watu wakipigwa risasi sokoni Nyangwe, ng'ambo ya ziwa, akarudi Ujiji akiwa hoi, na Stanley alimkuta hapo mwaka huohuo. Kila mwalimu wa dini anaijua habari hiyo. Isiyosimuliwa ni kwamba Papa Nicholas V, kwa barua za 1452 na 1455, alimruhusu mfalme wa Ureno kuwatia utumwani waislamu na wapagani. Mwaka 1537 Papa Paulo III akakataza kuwafanya watumwa wenyeji wa Amerika. Mwaka 1888 Papa Leo XIII akaulaani utumwa, na Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa hawa Mapadri Weupe waliofika Tabora na Ujiji, akazunguka Ulaya akihubiri dhidi yake. Kanisa ni lilelile. Ukitaka kulishtaki una makaratasi, na ukitaka kulitetea unayo pia.

Mzee wako nampa mtu mmoja bora kuliko hao wote: Adrian Atiman. Alitekwa utotoni huko upande wa Timbuktu, akauzwa, wamisionari wakamnunua, akasomeshwa udaktari Malta, akaletwa Karema, hukohuko kwenu pembezoni mwa Ziwa Tanganyika, mwishoni mwa miaka ya 1880. Akatibu watu pale mpaka alipofariki 1956. Hebu fikiria, mtu ameuzwa kama mbuzi, halafu anakaa zaidi ya nusu karne akihudumia watu katika nchi asiyozaliwa. Nikimfundisha darasa zima linanyamaza.

Lakini Atiman hathibitishi Utatu Mtakatifu, kama vile Rumaliza, yule mwislamu wa Ujiji aliyeuza watumwa, asivyoukanusha upweke wa Mungu. Wanatuonyesha binadamu wakiwa na imani mkononi wanaweza kufanya nini.

Historia inapata kazi pale dini yenyewe inapodai kwamba jambo fulani lilitokea, mahali fulani, wakati fulani. Yesu aliishi? Hapo tuite mashahidi. Josephus, Myahudi, anamtaja mwishoni mwa karne ya kwanza, ingawa sehemu moja wakristo wa baadaye waliichezea. Tacitus, Mrumi aliyewadharau wakristo, anaandika mwanzoni mwa karne ya pili kwamba aliuawa chini ya Pilato. Wanahistoria walio wengi, wasioamini wakiwemo, wanakubali aliishi na alisulubiwa. Alifufuka? Ninachoweza kukuonyesha kama mwalimu ni kwamba Paulo, miaka ya 50, anawaandikia Wakorintho kuwa watu walidai kumwona. Kutoka hapo kwenda mbele naenda kama Mmoraviani.

Sina_Dini_Kasulu:

Mwalimu shikamoo. Umeeleza vizuri ila umejitoa kirahisi.

Dini ingekuwa inasema tu "Mungu yupo," ningekubali kwamba makosa ya wafuasi hayahusiki. Lakini haisemi hivyo peke yake. Inasema ukibatizwa unakuwa kiumbe kipya, ukiswali swala inakuzuia na maovu. Hilo ni dai juu ya tabia za watu, na tabia za watu zina historia. Mimi nimekulia Kasulu, wakimbizi tumekaa nao, tumesoma nao. Rwanda 1994, mwaka wa mauaji ya kimbari, ilikuwa nchi ya wakristo kwa wingi wake, wakatoliki ndio wengi zaidi. Watu walikimbilia makanisani wakauawa humohumo. Nyange kanisa liliangushwa kwa tingatinga watu wakiwa ndani, na padri wa parokia akafungwa maisha na mahakama ile ya Arusha. Waliokuwa wanaua na waliokuwa wanauawa walikuwa wamepanga foleni moja ya komunyo. Kwa hiyo simshtaki Mungu, nashtaki hiyo dawa inayouzwa.

Na Stalin simkimbii kama wenzangu wanavyofanya. Wanasema aliua kwa siasa tu. Siyo kweli. Kule Urusi kulikuwa na chama kabisa cha wakana Mungu wapiganaji tangu 1925, na Desemba 1931 serikali ya Stalin ikalilipua kanisa kuu la Kristo Mwokozi pale Moscow. Albania mwaka 1967 ilifunga makanisa na misikiti yote ikajitangaza nchi isiyo na Mungu. Ni ya kwetu hayo, tuyabebe. Tofauti ni kwamba mimi kutoamini hakukuniahidi moyo mpya.

Bin_Ujiji:

Assalaam alaykum. Mimi ni wa Ujiji, babu zangu wote wamezikwa hapa.

Sina aibu kusema Tippu Tip na Rumaliza walikuwa waislamu na walikuwa wanauza watu. Kumwacha huru mtumwa kumesifiwa ndani ya Qurani, na wao walisoma hiyohiyo. Hiyo ni hesabu yao mbele ya Mola. Kinachoniudhi ni hadithi kukatwa nusu. Pembe za ndovu zilizobebwa na wale watumwa zilikuwa zinakwenda wapi? Ulaya na Marekani, zikawa vibonyezo vya piano na mipira ya biliadi. Na 1887 Tippu Tip alipewa ugavana wa Stanley Falls huko Kongo, na aliyempa ni dola ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, mkristo, aliyejitangaza anapiga vita utumwa. Sasa msimamizi wa hiyo dhambi awe Ujiji peke yake?

Halafu mwalimu, umepita haraka kwenye kusulubiwa. Sisi tuna Surat An-Nisaa aya ya 157, inasema hawakumuua wala hawakumsulubu. Hiyo unaiweka wapi?

Mama_Isevya (Tabora):

Bin Ujiji, wa alaykum salaam. Ya Leopold nakuunga mkono moja kwa moja, naiweka kwenye somo la muhula ujao.

Aya ya 157: mwanahistoria akiulizwa atachukua maandishi ya karne ya kwanza na ya pili kabla ya yale ya karne ya saba, kwa sababu yako karibu na tukio. Ila wewe huiamini ile aya kwa sababu mtu wa karne ya saba alifanya utafiti. Unaiamini kwa sababu Mungu amesema. Kwa hiyo ukibishana na mkristo kwa Tacitus mtakwama palepale kila jioni, afadhali muanze na kwa nini unaamini kuwa Mungu amesema.

Wa Kasulu, marahaba. Hoja yako ni nzito kuliko Galileo na Vita vya Msalaba vikiwekwa pamoja, na sina namna ya kuikwepa. Hata Papa Fransisko aliomba msamaha mwaka 2017 kwa ajili ya Rwanda. Ninachokudai ni kimoja: ukitaka kusema dawa haiponyi, uhesabu na waliopona. Kuna waliowaficha majirani na wakasema waziwazi ni kwa sababu ya imani, waislamu na wakristo. Na hatuna Rwanda ya pili isiyo na makanisa tukalinganisha. Ukisema dai la moyo mpya limetikiswa vibaya, nakubali. Ukisema limeanguka, bado.

Dagaa_wa_Jana:

Nimesoma uzi mzima mpaka bando limekata nikaunga tena. Kwa hiyo yupo au hayupo?

Fundi_Mwanga (Kigoma):

Dagaa tulia.

Nimewaonyesha kijiweni. Kijana kuhusu Nikea amesema hakubali neno la mwalimu kwa kuwa ni muumini, atazitafuta hizo kanuni 20 mwenyewe asome. Nimemwambia ndivyo inavyotakiwa. Ya Albania alikuwa hajawahi kuisikia, akauliza mara mbili kama ni nchi kweli. Mzee wa reli amerudi na redio yake, na sasa kila anayekuja kunywa kahawa lazima asimuliwe Atiman kwanza.

Leo jioni wamepanga kuanza na hoja ya huyu wa Kasulu, dai la moyo mpya. Bin Ujiji kama uko mjini pita, na wazee wako wa upande ule waje pia, nafasi kwenye benchi ipo.