Mwajiri anataka majibu ya vipimo vya wafanyakazi wake wote, na mtunza mafaili ni mimi. Nifanyeje?

BintiMasjala
Habari za jioni wakuu. Naombeni ushauri, na anayejua sheria tafadhali asinipite.

Nafanya kazi masjala ya kituo kimoja cha afya cha binafsi hapa Moshi. Nafungua mafaili, naingiza majibu kwenye kompyuta, natafuta kadi zilizopotea. Wiki iliyopita kampuni moja ya kupandisha wageni mlimani ilituletea wapagazi, wapishi na waongozaji wake wapimwe kabla msimu haujachanganya. Kampuni ndiyo inayolipa. Wamepimwa presha, sukari, kifua, wapishi wakaongezewa choo. Halafu kuna mtu kaandika kwenye oda "damu yote", basi VVU na homa ya ini vikaingia humo humo.

Sasa afisa utumishi wao anataka orodha moja ya Excel: jina, kipimo, jibu. Nimtumie kwa WhatsApp kabla ya Ijumaa. Nilipomwuliza meneja wetu akanijibu, "Anayelipa ndiye mteja, mpe mteja chake." Kwenye hiyo orodha kuna mtu ninayemfahamu tangu utoto. Jibu lake nimeliingiza kwa mikono yangu. Tangu jana chakula hakipiti.

Na kuna jingine. Kompyuta ya mapokezi ina paswedi moja, ya kwangu, imebandikwa pembeni ya skrini. Wauguzi, keshia, hadi mlinzi anayesaidia usiku, wote wanaingia kwa jina langu. Mkataba wangu unaisha Desemba na nina mtoto.

(Nimehariri: nimetoa mtaa na idadi. Asante aliyenishtua.)

MzeeWaKiboriloni
Ni mimi niliyekushtua kule inboksi. Binti yangu, ulikuwa umeandika mtaa, kazi ya huyo mtu na walikuwa wangapi. Moshi hii ukikohoa Majengo, Pasua wanakupa pole. Umekuja kuomba namna ya kutunza siri huku nusu yake umeshaimwaga.

Kiti_cha_Mbele
Ngoja wajuzi waje. Nimekaa hapa na kahawa yangu.

Gari4_UsaRiver
Mnanishangaza. Mimi ni mwajiri, nina gari nne za safari. Nikilipia vipimo vya dereva lazima nijue wageni nawakabidhi kwa nani. Akishikwa na kifafa kwenye mteremko wa Seneto mtanisaidia nyie?

FundiHadubini
@Gari4 haki unayo, ila siyo hiyo unayoidai. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inakutaka ujue kama mtu anafaa kwa kazi unayompa. Daktari anakuandikia: anafaa, hafai kwa sasa, au anafaa kwa masharti. Dereva mwenye kifafa utaandikiwa hafai kuendesha, basi, unamshusha kwenye gari. Jina la ugonjwa linabaki kwenye faili lake. VVU havimzuii mtu kubeba mzigo hadi kambi ya Barafu kule mlimani, na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 imekataza kumbagua mfanyakazi kwa sababu hiyo.

Mleta mada, nijibu mawili. Fomu waliyosaini inasema nini? Na huyo unayemfahamu ameshaambiwa jibu lake?

BintiMasjala
Fomu inasema "vipimo vya afya" tu. Hajaambiwa. Hakuna aliyeitwa bado.

FundiHadubini
Yaani afisa utumishi ajue kabla ya mwenye damu!

Mdogo wangu, kosa halikuanzia kwenye Excel, lilianzia kwenye sindano. Sheria ya UKIMWI ya 2008 inataka mtu aridhie kwanza kupimwa, na majibu yake ni siri. Tena kipimo cha kwanza cha VVU hakitoshi, lazima kithibitishwe. Achana na meneja, nenda kwa mganga mfawidhi. Meneja anahesabu hela. Kukiharibika, wa kwanza kuulizwa ni mfawidhi.

DadaWaNgarenaro
Yalinikuta mimi, Arusha. Nimepima ujauzito asubuhi, jioni mama mkwe ananipigia kunipongeza, mume wangu mwenyewe sijamwambia. Muuguzi anasali naye jumuiya moja. Hakuwa na nia mbaya, alifurahi tu. Mimba ikatoka wiki ya tisa, nikabaki natoa maelezo kwa watu ambao sikuwahi kuwaambia lolote. Mpaka leo nikiumwa napanda basi naenda kutibiwa Moshi. Usitume hiyo orodha.

Kanzu_Nyeusi
Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ilianza kutumika Mei 1, 2023. Taarifa za afya zimewekwa kwenye kundi la taarifa nyeti, na ipo Tume inayopokea malalamiko. Kituo kina wajibu wake, lakini aliyebonyeza "tuma" naye hajifichi nyuma ya meneja.

Usikatae kwa mdomo. Mwandikie mfawidhi barua ya aya mbili, ubaki na kopi iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, isiwe na jina la mgonjwa hata mmoja. Na usipige picha majibu eti ushahidi, wengi wamejichimbia kaburi hapo. Paswedi badilisha leo. Siku mtu akichungulia faili la mke wa mtu, kompyuta itasema ni wewe, saa nane usiku, wakati uko kwako umelala.

BintiMasjala (siku sita baadaye)
Wakuu, mrejesho. Mfawidhi aliisoma barua mara mbili, swali lake la kwanza likawa nani mwingine kaiona orodha. Nikamwonyesha karatasi ya paswedi. Akamwita meneja, mlango ukafungwa.

Leo kampuni imepewa vyeti tu, kila mmoja na bahasha yake. Majibu mengine wenyewe wanaitwa mmoja mmoja kwa mshauri nasaha. Afisa utumishi amefoka, mwakani anawapeleka kwingine. Meneja hanisalimii. Kila mtu kapewa paswedi yake, na ile karatasi imetoka kwenye skrini. Sasa iko chini ya kibodi, ina ya keshia.

Kiti_cha_Mbele
Hongera sana dada. Na yule wako wa utotoni anaendeleaje?

BintiMasjala
Mkuu, kunywa kahawa yako.