Mguu wa bandia wa binti: rangi ya ngozi au ua la kitenge?

MamaMwanga: Habari zenu wana Kigoma. Binti yangu anatengenezewa mguu wa bandia na fundi anataka jibu kabla ya Ijumaa: avishwe sponji la rangi ya ngozi, au soketi, kile kikombe kinachoshika kigutu cha mguu, itoke na ua la kitenge? Shuleni wanamkodolea macho mno.

UjijiDogo: Dada, ana umri gani? Umekatika juu ya goti au chini? Soketi ni plastiki au resini, ile gundi inayoganda ikawa ngumu?

MamaMwanga: Miaka 11, chini ya goti. Fundi anasema polipropilini, yaani plastiki.

FundiKibirizi: Basi kitambaa chenyewe sahau. Kitenge hulazwa kwenye soketi ya resini, kikaganda humo humo. Polipropilini hupashwa moto ikavalishwa juu ya mfano wa mguu uliofinyangwa kwa plasta. Pale hutumika karatasi yenye maua, wino ukahamia plastiki ikiwa bado ya moto. Muulize kama anazo. Na mtoto anakua, soketi itabadilishwa, ua halitakuwa la maisha.

BabaKasulu: Rangi ya ngozi. Mtoto asigeuzwe maonyesho.

GunguStendi: Ngozi ya nani, Baba? Mdogo wangu alivishwa hilo sponji, likaja rangi ya chai ya maziwa, naye mweusi tii. Masika likanywa maji ya matope, likanuka, likachanika kwenye kifundo, wenzake darasani wakawa wananyofoa vipande. Mguu akautupa uvunguni, akarudi kwenye magongo. Waliamua wakubwa, yeye hakuulizwa.

UjijiDogo: Aimee Mullins, mwanariadha wa Marekani aliyekatwa miguu yote miwili, alipita jukwaa la mitindo London mwaka 1998 kwa miguu ya mbao iliyochongwa nakshi. Hakuificha.

BabaKasulu: London si Kasulu. Sare je?

MwalimuBuzebazeba: Sare ni nguo, mguu si nguo. Mimi nahofia kiatu. Unyayo wa bandia hupangwa kwa kimo cha kisigino kimoja. Akibadili kisigino anayumba. Nenda na kiatu cha shule kwa fundi.

GunguStendi: Viatu vyenyewe sokoni siku hizi soli inabanduka kabla muhula haujaisha.

BabaKasulu: Nunua vya mtumba, vinadumu.

MamaMwanga: Nimemuuliza mwenyewe. Hataki ngozi wala maua, anataka samaki. Fundi, karatasi za samaki zipo?

FundiKibirizi: Mimi sijaziona. Wa Tabora mnazo?