Mwanangu ana usonji na disleksia pia, nianze na lipi?

Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Naombeni ushauri.

Mwanangu ana miaka 9. Usonji uligundulika akiwa mdogo, na mwaka huu tumeambiwa ana disleksia pia, yaani ule ugumu wa kujifunza kusoma na kuandika. Ukimsomea habari za sayari, kesho yake atakueleza kwa nini Zuhura ina joto kuliko Utaridi ingawa iko mbali zaidi na jua. Lakini mpe neno moja asome: ba… na… fu… akifika mwisho, mwanzo umeshapotea. "Baba" anaisoma "dada". Akiitwa asome mbele ya darasa anaziba masikio na kuingia chini ya meza. Mwalimu wake anasema ni ukaidi, eti mtoto mwenye akili hivyo hawezi kushindwa kusoma. Inaniuma sana. Nishughulike na lipi kwanza? Na miwani ya rangi inasaidia kusoma?

Mwl_Mstaafu: Pole mwanangu. Miwani ya rangi achana nayo, disleksia si ugonjwa wa macho. Shida ni jinsi ubongo unavyochambua sauti za maneno, na mtu anaweza kuwa na akili nyingi tu akawa nayo. Kinachosaidia ni kufundishwa sauti moja moja kwa mpangilio: aione herufi, aitamke, aiandike kwa kidole kwenye mchanga, yote kwa pamoja. Samuel Orton na Anna Gillingham walianza kuijenga njia hiyo Marekani tangu miaka ya 1930. Usimpe b na d kwa pamoja. B ikae kwanza hadi aitambue bila kufikiri, ndipo d iingie. Vipindi viwe vifupi, saa ile ile, mahali pale pale, na ratiba ya picha ukutani ajue kinachofuata.

Nyota_ya_Kusini: Mimi ni mtu mzima, ninavyo vyote viwili. Dada, usivitenganishe. Darasa lenye kelele lilikuwa linanimaliza nguvu kabla sijafungua kitabu. Omba shuleni aondolewe kabisa kusoma mbele ya wenzake, asome pembeni na mwalimu tu. Na "jitahidi zaidi" haitamwambia kitu. Mwambie "soma maneno haya matatu, kisha pumzika", na akimaliza hayo matatu, usiongeze la nne. Ukiongeza, kesho hatakuamini.

Bi_Sauti: Naunga mkono hapo juu. Niongeze jambo ambalo walimu wengi hawalioni: Kiswahili kinasomeka kama kinavyoandikwa, kwa hiyo mwenye disleksia anaweza kupatia maneno mengi ila polepole mno, na akaonekana mvivu. Kwenye Kiingereza ndiko makosa hujaa. Kwa hiyo angalia muda anaotumia na anavyochoka, si makosa peke yake. Peleka shuleni ripoti ya uchunguzi wake kwa maandishi, omba muda wa ziada na asomewe maswali ya mtihani.

Muuliza mada: Asanteni mno, nimepata nguvu. Ila kitabu kisicho cha sayari hakigusi kabisa!

Nyota_ya_Kusini: Basi usimlazimishe. Mtungie sentensi za sayari kwa herufi anazozimudu tayari, maandishi makubwa, mistari iachane. Na uendelee kumsomea vitabu vigumu vya sayari, au asikilize vilivyorekodiwa. Asisubiri ajue kusoma ndipo aruhusiwe kujifunza.