Kipima sumaku cha almasi: joto la Dar litaharibu vipimo?

MwalimuTemeke:
Wakuu, nafundisha fizikia kidato cha tano na sita. Nataka wanafunzi wapime uga wa sumaku kwa almasi yenye kasoro, ile ya atomu ya nitrojeni iliyopakana na nafasi tupu. Unaimulika kwa leza ya kijani, inatoa mwanga mwekundu. Ukiipigia maikrowevu ya gigahezi 2.87, mwanga unafifia. Almasi ya mgodi wa Mwadui inafaa? Na darasa letu halina kiyoyozi, mchana wa Februari bati linawaka. Itakuwaje?

FundiMawimbi:
Heshima kwako mwalimu. Joto linavuruga sana, ila lina dawa. Likipanda nyuzi moja, ile gigahezi 2.87 inashuka kama kilohezi 74. Sumaku nayo, ikielekea mhimili wa kasoro (mstari kati ya nitrojeni na nafasi tupu), huisogeza hezi 28 kwa kila nanotesla ya uga. Kwenye grafu, pale mwanga unapofifia panaonekana bonde, na sumaku huligawa mawili. Kwa hiyo ukifuata bonde moja tu, nyuzi moja ya joto utaisoma kama mikrotesla 2.6, na uga wote wa dunia hapa Dar ni mikrotesla thelathini na kitu!

Soma mabonde yote mawili. Sumaku inayatenganisha, joto linayasukuma upande mmoja. Toa moja kwenye jingine, joto linajifuta.

Wanaponzwa zaidi na ile sumaku ya pembeni ya kuachanisha mabonde. Ya neodimiamu hupoteza takribani asilimia 0.1 ya nguvu kwa kila nyuzi. Ikiwa ya militesla 1, umepoteza mikrotesla nzima, na hiyo hesabu haiifuti maana uga wenyewe ndio umebadilika. Weka koili ya shaba.

BintiSinza:
Ya Mwadui muachie sonara. Almasi nyingi za asili nitrojeni yake imeshajikusanya makundi, kasoro hii ni chache. Zinazotumika hutengenezwa maabara, zikapigwa elektroni, kisha zikachomwa nyuzi 800 au zaidi ili nafasi tupu zitembee hadi zinase kwenye nitrojeni. Tafuta fuwele moja, hata ndogo. Kwenye unga mihimili imeelekea kila upande, mabonde yanachafuka. Na miwani ya leza kwa kila mwanafunzi, tafadhali sana.

MwalimuTemeke:
Nashukuru mno. Waya wa koili upo. Umeme nivute ukutani?

FundiMawimbi:
Hapana, hezi 50 zitakuingilia. Tumia betri, upitishie kidhibiti mkondo, na meza ikae mbali na nondo za dirisha. Ukipata mabonde mawili weka grafu hapa, nataka sana kuiona.