Ukoo wa Marangu: mbwa wa kina Joy

Jumamosi jioni

Baba Joy (Dartmouth, Kanada): Shikamooni wazazi. Wengine habari za jioni. Nina jambo hapa kwangu naomba mnishauri. Joy na Amani wanataka mbwa. Mama yao keshakubali. Upinzani nimebaki peke yangu.

Babu: Marahaba. Mbwa wa kulinda?

Baba Joy: Hapana Baba. Wa familia tu. Anakaa ndani.

Babu: Ndani wapi?

Godi: Baba usiulize, utaumia 😂

Neema: Sebuleni Baba. Kwenye kochi.

Bibi: Haya. Endeleeni tu.

Baba Joy: Wamemwona wa jirani, wanamwita Toller. Jina lake kamili ni Nova Scotia Duck Tolling Retriever, yaani ni mbwa wa mkoa huu huu tunaoishi. [Picha]

Godi: Huyo ni mbweha. Mmeuziwa mbweha.

Baba Joy: Hujakosea sana, wawindaji wa huku wanasema wamemwiga mbweha. Mwindaji anajificha kwenye majani kando ya maji, anarusha kijiti ufukweni. Mbwa anakifuata mbio, anakirudisha, anarushiwa tena. Bata walioko mbali wanaona kitu chekundu kinarukaruka, wanataka kujua kuna nini, wanasogea wenyewe. Wakishafika karibu mwindaji anasimama na bunduki. Halafu mbwa huyo huyo anaingia kwenye maji ya barafu kuwaokota.

Babu: Bata wanajipeleka wenyewe?

Baba Joy: Ndiyo Baba.

Godi: Umbea umewaponza.

Baba Joy: Alianzia Little River Harbour, upande wa Yarmouth, karne ya 19. Chama cha mbwa cha Kanada kilimtambua 1945, na 1995 mkoa ukamtangaza kuwa mbwa wake rasmi. Msifikiri nimesoma. Joy ameandika insha shuleni, tunasomewa kila tukikaa mezani.

Upendo: Ndo natoka kliniki ya wanyama. Kaka, umeeleza bata, umeeleza historia, hujaeleza nani ataamka na huyo mbwa.

Baba Joy: Hapo ndipo nilipokuwa naelekea daktari.

Upendo: Maana watu wanadanganyika na umbo. Kati ya mbwa wote wa jamii ya retriever, wale wa kuokota mawindo, huyu ndiye mdogo kuliko wote, kilo 17 hadi 23, mtu anaona atatosha hata ghorofani. Sasa fikiria kazi aliyozalishwa kuifanya: kucheza kijiti ufukweni asubuhi nzima bila kuchoka wala kuchoshwa. Ukimtembeza nusu saa na kamba umempasha misuli tu. Anataka kukimbia, kuogelea, kutafuta vitu vilivyofichwa, kufundishwa kitu kipya. Usipompa kazi atajiajiri mwenyewe, na kazi atakayochagua hutaipenda. Mashimo kwenye bustani, viatu, mito ya kochi. Na ana ukelele wake.

Neema: Ukelele gani tena?

Mama Joy: Wifi ngoja, nilimrekodi yule wa jirani. [Sauti, 0:14]

Neema: Yesu wangu! Anachinjwa?

Mama Joy: Ameona mpira.

Bibi: Nimefungua sauti nikiwa bandani, kuku wote wametawanyika.

Neema: Kwani lazima huyo? Chukueni Labrador. Jirani yangu wa Kimara anaye, mpole ajabu, watoto wanamlalia.

Upendo: Neema, yule nilimwona Pasaka. Si mpole, ni mnene. Kuna watafiti wa Cambridge walitoa kazi yao 2016, wakaonyesha kwamba karibu robo ya Labrador wana kasoro kwenye jeni inayoitwa POMC, mwili hauwapi taarifa kwamba wameshiba. Kwa hiyo Labrador akikutazama ukila, si kwamba hajalishwa. Chakula chake kinapimwa kwa kikombe, hakimwagwi sinia zima.

Neema: Nitamwambia. Au nisimwambie.

Upendo: Na Labrador kijana naye ni kimbunga, miaka miwili mitatu ya kwanza. Watu wanamwona wa jirani ana miaka minane amelala mlangoni wanasema hii ndiyo tabia ya mbegu yake.

Mama Joy: Mimi moyo wangu uko kwa Golden Retriever.

Upendo: Golden ni mzuri na watoto, hilo halina ubishi. Jiandae kufagia kila siku, na ujue saratani inawasumbua sana wale. Mazoezi naye anayataka, ila hakudai kwa ukali kama Toller.

Baba Joy: Sasa niwape hali halisi. Zamu zangu za hospitali ni za saa kumi na mbili mfululizo, nyingine za usiku. Mama Joy anatoka saa mbili kasoro asubuhi. Desemba jua huku linazama saa kumi na nusu jioni. Watoto wameapa watamtembeza wao.

Godi: Ndio hao hao walioapa kulisha samaki?

Mama Joy: Shemeji tusifukue makaburi.

Upendo: Kaka piga hesabu. Joy ana miaka 12. Toller mwenye afya anaishi 10 hadi 14. Joy akienda chuo, mbwa ndo kwanza amefika katikati ya maisha. Unayenunuliwa mbwa ni wewe, Joy anapewa miaka sita tu.

Mama Joy: Shikamoo Babu. Shikamoo Bibi. Ni mimi Joy natumia simu ya Mama. Nitaamka mimi.

Bibi: Marahaba mjukuu wangu mzuri.

Babu: Marahaba. Leo umeamka saa ngapi?

Mama Joy: Leo ni Jumamosi Babu

Babu: Ng'ombe wangu hajui Jumamosi. Saa ngapi?

Mama Joy: Saa nne 😭

Godi: 😂😂😂

Neema: Muacheni mtoto jamani.

Babu: Simkatazi. Nauliza bei.

Baba Joy: Kwa mfugaji anayeaminika, mtoto wa Toller anazidi dola 2,000 za Kanada.

Babu: Hizo ni ng'ombe wa maziwa. Mwenye mimba.

Baba Joy: Ndiyo Baba.

Babu: Na mwizi akija atabweka?

Baba Joy: Atamletea mpira.

Upendo: Bei isikushtue peke yake, kinachoshtua ni kununua rahisi. Hawa Toller walianzia kwenye damu chache sana, kwa hiyo magonjwa ya kurithi yapo. Kuna retina kufifia mpaka mbwa anapofuka. Kuna Addison, tezi za juu ya figo zinashindwa kutoa homoni, mbwa anakuwa mnyonge, anatapika, na usipojua utadhani ni tumbo. Kuna na ya kinga ya mwili kujishambulia. Retina ina kipimo cha jeni, mfugaji makini anakuonyesha karatasi za baba na mama bila kuombwa mara mbili. Anayekwambia "wazazi wote wazima, niamini", shukuru uondoke.

Upendo: Halafu kupe. Nova Scotia inaongoza Kanada nzima kwa ugonjwa wa Lyme, unaoenezwa na kupe.

Babu: Kupe wako na Kanada?

Upendo: Wako Baba, na hawalali baridi yote. Joto likipita nyuzi 4 tu wanatoka, hata Januari. Mbwa wa manyoya marefu anayependa majani na maji atawaleta sebuleni. Kila jioni mnampapasa: nyuma ya masikio, makwapani, katikati ya vidole, chini ya mkia. Na dawa ya kupe haikosi.

Bibi: Kwenye kochi.

Mama Joy: Mama 🙈

Baba Joy: Kuna jambo jingine sijalisema. Mfugaji mmoja wa Yarmouth ana dume la miaka miwili, amerudishwa na mwenye nalo, alihamia ghorofa Toronto. Kafundishwa haja ni nje, kamba anaijua. Anamtoa kwa bei nafuu lakini anataka kutuona sote wanne kwanza.

Upendo: Huyo mimi ningemtazama kabla ya mtoto yeyote. Mtoto wa mbwa ni bahati nasibu. Wa miaka miwili unamwona alivyo, na ile hatua ya kutafuna meza imempitia mtu mwingine. Muulizeni kwa nini hasa amerudishwa. "Nimehama" wakati mwingine maana yake ni "ameniliza".

Neema: Kwa hiyo mnaenda lini?

Babu: Wasiende bado. Watembee kwanza bila mbwa.

Baba Joy: Bila mbwa vipi Baba?

Babu: Alfajiri mnatoka, saa nzima, mvua au baridi, mpaka mwezi uishe. Na jioni tena. Aliyelala hana mbwa. Hiyo haina gharama.

Godi: Majirani watawaona mnazunguka na kamba tupu 😂

Mama Joy: Joy anasema sawa. Amani anasema swali, Jumapili imo?

Babu: Imo.

Jumatatu, saa saba mchana

Baba Joy: [Picha] Shubie Park, saa kumi na mbili asubuhi kwetu. Giza, mvua ya kulala. Joy na mama yake. Amani amegoma kutoka kitandani.

Godi: Na wewe?

Baba Joy: Nani amepiga picha?

Godi: Umeisogeza mno, nauona usukani. Umepigia ndani ya gari kaka.

Neema: 😂😂 Baba umeona?

Babu: Nimeona. Wawili wamo, wawili hawamo.

Upendo: Mama Joy, karatasi za macho, nyonga na vipimo vya jeni mfugaji azitume kabla hamjafunga safari. Mkishamwona uso mtasahau kuuliza.

Mama Joy: Nimeshamwandikia wifi. Za macho zimefika, nakutumia pembeni uzisome.