Naombeni ushauri: binti anapiga okestra ya shule Alhamisi, kitenge kitakubalika?

Mama wa Theluji:
Habari za jioni ndugu zangu. Tuko Minneapolis mwaka wa tatu sasa. Binti yangu ana miaka 14, yuko okestra ya shule, onyesho ni Alhamisi. Barua ya mwalimu inataka nguo nyeusi tupu, mikono mirefu, sketi ifike vifundoni, viatu vya kufunika. Kitenge cheusi chenye maua ya dhahabu kinaweza kupita? Tangu Ijumaa sijalala vizuri. Ushauri tafadhali, matusi hapana.

Kiraka:
Nyeusi tupu ni nyeusi tupu, dada. Maua yanaingiaje?

Mkwaju:
Umenikumbusha mashindano ya muziki, nikiwa shule ya msingi Kisumu. Kwaya nzima viatu vyeusi, mimi vyangu vya kahawia. Mama akavipaka masizi ya sufuria. Jukwaani soksi zangu nyeupe zikageuka za mkaa! Tulikuwa wa pili lakini.

Fundi Cherehani:
Anapiga chombo gani? Hujasema.

Mama wa Theluji:
Selo, ile kama fidla kubwa, hupigwa umekaa.

Fundi Cherehani:
Hapo ndipo penyewe. Selo hukaa katikati ya magoti. Nguo imeshonwaje?

Mama wa Theluji:
Imeshashonwa, fundi. Bibi yake alikuja na kitenge kutoka Tanga, tukashona sare watatu: bibi, mimi na yeye. Yake ni blauzi na sketi ya kubana, imemkaa vizuri sana. Bibi anaondoka Jumamosi na hatujui ataonana lini tena na mjukuu wake. Mwalimu ni mwelewa, akiona ni vazi la kwetu hatasema kitu.

Mzee wa Nidhamu:
Binti akae miguu imeachana mbele za watu? Mngempa fidla.

Nyota ya Pwani:
Babu, mbona huku Unguja tuna Tausi, kundi la taarabu la wanawake, wanapiga vyombo wenyewe na wamejisitiri? Nguo pana, basi. Ila dada, sare huvaliwa na wapigaji pamoja, si mpigaji na mashabiki wake. Weusi ule ndio sare yao, jicho lisimfuate mtu mmoja, sikio lifanye kazi.

Dk. Mashaka:
Hii chai. Akaunti imefunguliwa juzi, uzi wa kwanza, bibi, kitenge, machozi. Shule ya serikali gani inampa mtoto selo?

Kiraka:
Hata mimi nimeanza kushtuka. Weka picha ya barua.

Mbeba Boksi:
Acheni hizo. Shule nyingi za umma huku Marekani zina okestra, na vyombo vikubwa kama selo na besi huwa wanaazimisha. Wangu amepiga viola miaka minne. Dada, usisahau soksi nyeusi ndefu. Mtoto akikaa suruali hupanda, taa za jukwaani zinaonyesha ngozi yote. Kwani suruali hawaruhusu?

Mama wa Theluji:
Sina sababu ya kutunga. Selo ya shule ina kibandiko cha namba, iko pembeni ya jokofu langu sasa hivi. Barua siweki, ina jina la mtoto. Na ndiyo, suruali inaruhusiwa. Sikuandika kwa sababu nilijua mtakachosema. Mwenyewe aliomba suruali, nikamkatalia mbele ya bibi yake. Sikumlea avae suruali mbele ya wakubwa.

Mzee wa Nidhamu:
Hapo nakuunga mkono.

Fundi Cherehani:
Mkalishe kwenye kiti na sketi hiyo, ashike selo. Usimwulize kitu, mwangalie tu.

Mama wa Theluji:
Nimerudi. Sketi ilipanda hadi mapajani, selo akaiegemeza upande. Bibi ndiye aliyesema avue. Amesema sisi wawili tutavaa vitenge ukumbini, mtoto atavaa chake tukienda kula baada ya onyesho. Suruali bado roho yangu inakataa. Fundi, sketi nyeusi ya marinda, ya kufika vifundoni, inakula yadi ngapi? Ni mrefu kunizidi.

Fundi Cherehani:
Nne, usibanie. Kitambaa kizito kisichong'aa. Mikono ya blauzi ibane, ikining'inia itanasa upinde wa kupigia selo. Maduka ya Wasomali hapo kwenu hayakosi kitambaa cheusi, wahi kesho asubuhi. Na safari hii mpime akiwa amekaa.